Ukinzani wa Mwamba Dhidi ya Ufa

Usiku wa Julai 10, 2021, Soko la Kariakoo liliungua. Jengo hilo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ni la zege. Na sehemu kubwa ya zege ni kokoto, yaani vipande vya mwamba. Moto ulipozimwa, mwili wa jengo ulikuwa bado umesimama. Lakini kusimama si ushahidi wa uzima.

Jiwe lina nguvu za aina mbili, ambazo wanafunzi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya kubeba mzigo unaoligandamiza; jiwe zuri la itale huweza kustahimili megapaskali 150 na zaidi. Ya pili ni ya kuuzuia ufa uliokwisha kuanza usiendelee, na hapa jiwe ni dhaifu mno. Mwaka 1921 A. A. Griffith wa Uingereza, akichunguza kioo, alionyesha kwamba kadiri ufa unavyokuwa mrefu, ndivyo mkazo unaotosha kuuendeleza unavyokuwa mdogo. Ufa ukirefuka mara 4, mkazo unaotosha kulivunja jiwe hupungua kwa nusu. Mafundi wachonga mawe walikwisha kulijua hilo kwa mikono yao: huchora mfuo kwa tindo, na pigo hufuata mfuo.

Maabara hutumia ujanja huohuo. Kipande cha mwamba chenye umbo la mcheduara hukatwa mfuo kwa msumeno, hulazwa juu ya vihimili viwili mfuo ukielekea chini, kisha hugandamizwa kutoka juu mpaka kikatike. Kani iliyokivunja, pamoja na vipimo vya kipande na vya mfuo, hutoa tarakimu moja, katika megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita. Mawe ya chokaa hukaribia 1. Itale mara nyingi huwa kati ya 1 na 2. Chuma cha ujenzi kwa kawaida hupita 50. Ndiyo maana boriti hutiwa nondo upande wa chini, unaovutwa.

Moto huongeza nyufa kimyakimya. Chembe za madini hutanuka kwa viwango tofauti, zikasukumana; nayo kwatsi, madini yaliyojaa katika itale na mchanga, ikifika nyuzi 573 za Selsiasi hutanuka ghafla. Kwa hiyo mhandisi haamini macho: hutoboa nguzo, akatoa mche wa zege, akaupima. Mawe ya matumbawe, yanayodharauliwa na wajenzi wengi, hapa huweza kuyashinda ya itale, kwa kuwa yana kwatsi kidogo. Ila joto likizidi nyuzi 800 hivi, nayo huanza kugeuka chokaa, kama wajuavyo wachoma chokaa wa pwani.