Edward Knipling, mtu aliyepiganisha inzi kwa inzi

Ng'ombe akichomwa na miiba, ama ndama akizaliwa na kitovu kikiwa bado kibichi, kuna inzi mmoja wa bara la Amerika anayekuja kutaga mayai palepale kwenye kidonda, mia mbili na zaidi kwa mara moja. Mabuu wanaotoka wanakula nyama ya mnyama angali hai. Asipotibiwa, anakufa.

Edward Knipling alizaliwa mwaka 1909 huko Texas, kwa wakulima, kwa hiyo inzi huyo alimjua tangu utoto. Alipoingia kazini katika wizara ya kilimo ya Marekani, yeye na mwenzake Raymond Bushland wakagundua kwamba jike hupandwa mara moja tu maishani. Knipling akapiga hesabu: tukifuga madume wengi sana, tukawafanya tasa, tukawaachilia porini wawazidi wale wa porini, majike wengi watapata dume asiyezalisha. Mayai yatakuwa ya bure. Kila kizazi kitapungua.

Wenzake wengi hawakuamini. Tena njia ya kuwafanya tasa haikuwepo. Ikaja vita, Knipling akapewa kazi ya kutafuta dawa za kulinda askari na chawa na mbu. Ni karibu na 1950 tu ndipo alipojua kwamba mionzi, ile ya kupigia picha hospitalini, inaweza kufanya kazi hiyo.

Mwaka 1954 wakajaribu Curaçao, kisiwa karibu na Venezuela. Ndege zilimwaga inzi tasa wiki kwa wiki, na baada ya miezi michache inzi wa vidonda wakaisha kabisa. Florida ikafuata mwaka 1959. Knipling na Bushland walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1992. Knipling akafariki mwaka 2000.

Sasa, na mbung'o wetu anayeleta ugonjwa wa usingizi? Unguja walifaulu: mbung'o tasa walifugwa Tanga, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mbung'o. Lakini kwanza walimpunguza kwa dawa iliyopakwa ng'ombe, na bahari inazuia wengine kuingia. Maniema hakuna bahari. Kuna mito na misitu, na mbung'o wa kijiji jirani atakuja tu.

Kuna ugumu mwingine, nao kwangu ndio mkubwa. Mbung'o hatagi mayai; anazaa buu mmoja tu kila siku tisa ama kumi, na anataka damu ili aishi. Kumfuga kwa mamilioni ni gharama kubwa. Isitoshe, dume naye anauma, hata akiwa tasa.

Hata Amerika kazi haijaisha. Tangu 2023 yule inzi wa vidonda amerudi kupanda kutoka Panama, na mwishoni mwa 2024 akafika Mexico. Huku kwetu, Kwilu, watu wanasimika vitambaa vidogo vya bluu vyenye dawa kando ya mito, maana rangi hiyo inamvuta mbung'o, na wahudumu wa afya wanapita vijijini kupima damu.