MTEJA ANATAKA KUONGEZA NGUVU KWENYE GARI LA OTO? MUULIZE GIABOKSI KWANZA

Wadau wa spea, leo tuongelee kitu kinachowatia wauzaji wengi wa mtandaoni hasara bila wao kujua kimetokea wapi.

Vijana wengi wenye Toyota za zamani, yani Chaser, Mark II, Crown, wanataka gari likimbie zaidi. Mmoja anatoa 1JZ ya kawaida anaweka yenye turbo. Mwingine turbo anayo tayari, anaongeza presha. Wewe unamuuzia turbo, unafunga mzigo, unatuma kwa basi, umemaliza. Wiki mbili baadaye anarudi inbox: injini inanguruma, mshale wa rpm unapanda, gari haliendi. Anayemtupia lawama ni wewe, tena kwenye posti yako, mbele ya wafuasi wote.

Turbo yako inaweza kuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni giaboksi.

KWA NINI INAKUFA

Injini ya 1JZ-GE yenye VVT-i ilitoka kiwandani na nguvu farasi kama 200. Ndugu yake mwenye turbo, 1JZ-GTE, ana 280. Nguvu ya kuzungusha nayo inapanda kutoka kama Nm 255 hadi karibu Nm 380. Hapo bado hujaongeza chochote.

Ndani ya giaboksi ya oto kuna pleti nyembamba zilizopangana, na zinabanwa na presha ya oili. Zikibanwa vizuri, gia inashika. Nguvu ya injini ikizidi mbano, pleti zinateleza. Zikiteleza zinatoa joto, joto linaunguza pleti na oili, na zikishaungua zinateleza zaidi. Ndiyo maana gari linakufa ghafla wakati kumbe lilianza kuumwa siku nyingi.

Giaboksi zenyewe si mbovu. Familia ya A340 iliyotengenezwa na Aisin imefungwa kwenye magari mengi, mpaka Supra ya turbo ya miaka ya 1990 toleo la oto. Shida ni kwamba hii ya mteja wako imeshatembea zaidi ya miaka 20, na wamiliki waliopita huwajui.

Kwa hiyo mshauri mteja kwa mpangilio huu:

1. JOTO

Hapa ndipo pa bei nafuu na ndipo panaokoa zaidi. Kwa kawaida oili ya giaboksi inapoozwa ndani ya rejeta ya injini. Nguvu ikiongezeka, na gari likakaa kwenye foleni mchana wa Dar, hiyo haitoshi. Muuzie rejeta ndogo ya oili ya kufunga mbele, pamoja na geji ya joto. Oili ikikaa kati ya nyuzi 80 na 95 yuko salama. Ikipita 120 mara kwa mara, anaichoma.

Kwenye oili yenyewe: ukifungua nati ya chini ya A340 zinatoka kama lita 2 tu. Jumla ni zaidi ya lita 6, nyingine zinabaki ndani, nyingi zikiwa kwenye konveta. Mteja akinunua galoni moja akidhani amebadilisha oili yote, mweleweshe. Aina ya oili mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti cha kupimia. Auzwe hiyo hiyo, usimpe "yoyote ya oto".

2. MBANO

Giaboksi nyingi za A340 zina waya wa kikdauni unaotoka kwenye mdomo wa hewa wa injini kwenda kwenye giaboksi. Huo waya ndio unaoiambia giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani, ili presha ya oili ipande. Sasa fundi anabadilisha mdomo wa hewa, waya unakosa pa kushika, anauacha unaning'inia au umelegea. Injini inavuta kwa nguvu zote huku pleti zimebanwa kidogo. Hapo hata pleti mpya zinaungua mapema. Marekebisho ya huu waya hayahitaji spea yoyote, ila yakikosewa yanaua kila kitu ulichouza.

Baada ya hapo ndiyo inakuja seti ya kurekebisha valvu bodi: springi na vipande vinavyoongeza presha na kufanya gia ziingie haraka, zisiteleze katikati. Mwambie mteja ukweli kabla hajalipa: gia zitaingia kwa mshtuko kidogo. Asije akakwambia umemuuzia kitu kibovu.

3. PLETI NA KONVETA

Kama oili ni nyeusi na inanuka kuungua, na gia zinateleza, usimuuzie oili wala seti ya valvu bodi ukimwahidi itapona. Hiyo inafunguliwa. Inawekwa seti kamili: pleti za kazi nzito, pleti za chuma, sili zote na filta. Wakati iko chini, konveta nayo ikaguliwe au ibadilishwe, maana uchafu wa pleti zilizoungua umeingia humo.

Kuhusu konveta za "kuondoka kwa kasi": zinaacha injini ipande rpm zaidi kabla gari halijavuta. Turbo kubwa inapenda hivyo. Lakini zinateleza zaidi kwenye mwendo mdogo, yani joto zaidi. Bila rejeta ya ziada, usimuuzie.

USISAHAU KOMPYUTA

Kompyuta ya Toyota hizi inapunguza nguvu ya injini kidogo kila gia inapobadilika, ili pleti zipumue. Akiweka kompyuta nyingine ya injini isiyojua kuongea na giaboksi, ulinzi huo unapotea, na gia zinaweza zisibadilike kabisa. Muulize nani ataongoza giaboksi.

MESEJI YA KUTUMA KABLA YA KUPOKEA HELA

Kopi hii, weka kwenye simu:

"Kaka, kabla sijakutumia mzigo nisaidie haya: (1) picha ya kibati cha gari chenye chassis namba, mstari wa giaboksi uonekane, (2) picha ya oili ya giaboksi kwenye tishu nyeupe, (3) waya wa kikdauni umeunganishwa? Nitumie video, (4) una rejeta ya ziada ya oili?"

Picha ya kibati ni lazima. Magari mawili yanaweza kufanana nje na giaboksi zikawa tofauti. A340 ya Hilux Surf ya 4x4 huwezi kuihamishia kwenye Chaser hivi hivi.

Majibu yake yahifadhi. Siku akirudi na malalamiko, mna pa kuanzia wote wawili. Na wengi mkiwauliza hivi hawakimbii. Wanaona unajua unachouza, na aliyekuja kwa turbo anaondoka na rejeta, oili na filta juu yake.

Unauza spea za oto? Andika hapo chini swali ambalo wateja wanakuuliza sana, tusaidiane majibu. Na mtag mwenzako anayeuza turbo.