Mkataba na Agano



Dominika ya leo twataka kulitafakari neno uaminifu, nasi tutaanzia mahali ambapo huenda wengi hawakutazamia: uwanja wa mpira wa kikapu huko Marekani. Vijana wengi wa parokia zetu wanaufuata mchezo huo na kuvaa jezi za timu zake. Kuupenda mchezo si vibaya. Lakini yafaa kujua kile tunachokipenda kimejengwa juu ya msingi gani.

Katika mji wa Seattle ilikuwako timu iliyoitwa SuperSonics. Ilianzishwa mwaka 1967, na mwaka 1979 ikatwaa ubingwa wa ligi kuu, yaani NBA. Wazazi waliwarithisha watoto wao mapenzi ya timu hiyo. Mwaka 2006 iliuzwa kwa matajiri wa Oklahoma City kwa dola milioni 350. Wenye timu walitaka uwanja mpya, wasiupate. Mwaka 2008 walikubali kuulipa mji wa Seattle dola milioni 45 ili mkataba wa uwanja uvunjwe, wakaihamishia timu kwao. Jina na rangi vilibaki Seattle. Wachezaji wakaenda zao.

Tutazame pia mji wa Cleveland. Mwaka 2010 LeBron James, mzaliwa wa Akron, jirani na mji huo, aliihama timu yake akaenda Miami. Wako mashabiki waliochoma moto jezi zake, wakimwita msaliti. Mwaka 2014 alirudi, na mwaka 2016 akawaletea ubingwa. Mji uliomlaani ukafurika barabarani kumshangilia.

Ndugu zetu, ni nani basi aliyekosa uaminifu? Shabiki huanza kwa kudhani kwamba mchezaji ni mali ya mji. Akiondoka, upendo hugeuka hasira. Lakini akitulia na kuchunguza, huona kwamba timu nayo yaweza kumtoa mchezaji, kumbadilisha na mwingine, pasipo kumwomba ridhaa. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa mwaka 2009, akaingia timu ya Memphis. Mwaka 2011 alipelekwa Houston. Mwaka 2012 akapelekwa Portland. Hakuna aliyechoma moto jezi za wenye timu kwa sababu hiyo. Mchezaji akihama huitwa msaliti. Tajiri akimhamisha, huitwa mfanyabiashara hodari. Shabiki akiisha kuliona hilo, huacha kumchukia mchezaji, wala haachi kuupenda mchezo. Bali hujifunza kutoutegemeza moyo wake pale.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya maneno mawili: mkataba na agano. Mkataba husema: nipe hiki, nikupe kile, mpaka tarehe fulani. Hauna dhambi ndani yake, kwani Bwana mwenyewe alifundisha kwamba mtenda kazi anastahili ujira. Agano husema: mimi ni wako, hata utakapokuwa huna cha kunipa. Ruthu hakuwa na mkataba wowote na Naomi. Mumewe alikuwa amekufa, na mkwewe alimsihi arudi kwao Moabu; hata hivyo akafuatana naye mpaka Bethlehemu. Na katika Injili ya Yohane, Kristo anatuonyesha mtu wa mshahara anayekimbia amwonapo mbwamwitu, kwa kuwa kondoo si wake, na mchungaji mwema anayeutoa uhai wake kwa ajili yao. Kosa la shabiki aliyechoma jezi lilikuwa kudai katika mkataba kile ambacho agano peke yake laweza kutoa.

Kuna kosa la pili, lililo kubwa zaidi, nalo hutendeka makanisani: kuligeuza agano kuwa mkataba. Askofu akimhamisha padre tuliyempenda, wako wanaoacha kuhudhuria Jumuiya Ndogo Ndogo, kana kwamba walibatizwa kwa jina la padre yule. Mwalimu wa kwaya akibadilishwa, nusu ya waimbaji huondoka. Mwingine husali parokia hii maadamu anapewa cheo, na asipochaguliwa huhamia kwingine. Huo ni ushabiki uliovaa rozari.

Twawatazama makatekista wetu. Wengi hutembea mwendo mrefu kwenda kigangoni, kwa posho ndogo au bila posho kabisa, na mvua ikinyesha wakatekumeni humkuta mwalimu wao amekwisha kufika. Hao wanaishi agano. Lakini tusiufanye uaminifu wao kuwa kisingizio cha kuwasahau. Parokia inayosifu moyo wa katekista huku watoto wake wanalala njaa inafanya kama wale wenye timu: inadai uaminifu isioutoa yenyewe.

Basi juma hili kila mmoja wetu ajiulize: katika ndoa yangu, katika jumuiya yangu, katika utume wangu, je, ninaishi kwa mkataba au kwa agano? Timu huuzwa, na mabingwa huhama. Mungu hakutuchagua kwa kuwa tulikuwa washindi, wala hatuachi tunaposhindwa. Atujalie neema ya kukaa na wenzetu hata siku ambayo hakuna wa kutushangilia. Amina.