Kiraka cha Moyo: Jina na Kazi Yake

Kiraka, kwa maana yake ya asili, ni kipande kinachoshonewa nguo iliyotoboka. Neno hili huandamana na uchakavu, maana nguo yenye viraka ni nguo kuukuu. Yafaa basi kupima kama lastahili kutumiwa kwa matibabu mapya ya moyo.

Mshipa unaoulisha msuli wa moyo ukizibwa na donge la damu, sehemu ya msuli hufa kwa muda wa saa chache. Ugonjwa huo huitwa shambulio la moyo au mshtuko wa moyo. Jina la kwanza limefuata Kiingereza. La pili laweza kupotosha, kwani mshtuko husemwa pia kwa hofu ya ghafula. Seli zinazopotea huweza kufika bilioni moja, nazo haziroti tena ila kidogo mno: uchunguzi uliotangazwa Sweden mwaka 2009 ulionyesha kuwa mtu wa miaka 25 hupata seli mpya za msuli huo kiasi cha 1 tu katika 100 kwa mwaka. Mahali pake hubaki kovu, na kovu hushika lakini halipigi.

Wataalamu hutengeneza vipande vya namna mbili. Vya kwanza ni vya kolajeni au vitu kama hivyo, ambavyo huutegemeza ukuta wa moyo usitanuke. Vya pili hubeba seli hai zinazopiga. Mwaka 2020 seli za namna hii ziliwekwa juu ya moyo wa mgonjwa huko Osaka, Japani. Na mwaka 2025 wataalamu wa Göttingen, Ujerumani, walitangaza kwamba vipande vyao vilidumu katika nyani na katika mgonjwa mmoja. Hata hivyo matibabu haya yangali katika majaribio, na mgonjwa aliyepewa seli za mtu mwingine hana budi kutumia dawa za kuzuia mwili usizikatae.

Ama kwa mtu wa Ibaba, Wilaya ya Ileje, jambo hili si la mbali. Kutoka huko hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800. Mshipa usipozibuliwa mapema, kovu hutangulia. Wanaochelewa ndio hasa wanaohitaji moyo utengenezwe. Na pale ambapo Kindali na Kilambya ni lugha za nyumbani, maelezo ya daktari hutegemea neno la Kiswahili lililo wazi.

Kwa vipande vya kwanza, kiraka chatosha. Kwa vile vilivyo hai, kipandikizi ni bora: kiraka hakigeuki kuwa nguo, bali mche uliopandikizwa hutia mizizi, na kipande hiki kisipoingiwa na mishipa ya damu hufa. Mgonjwa aliyezoea shamba ataelewa mara moja tumaini lililopo, na hatari yake pia.