Neno na Noti: Ugomvi Uliojenga Muziki wa Mwamko

Mwanafunzi wa muziki akiulizwa kuhusu muziki wa Mwamko wa Ulaya, yaani zile zama za kati ya mwaka wa 1400 na 1600 hivi ambazo Wazungu huziita Renesansi, aghalabu hutoa orodha: Du Fay, Josquin, Palestrina, Byrd, Monteverdi. Atataja miaka waliyokufa, atataja misa na madrigali, kisha atanyamaza. Simlaumu. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo mtihani unavyomtaka ajibu. Hata hivyo, orodha hiyo inaficha jambo ambalo, kwa maoni yangu mimi niliyezoea kuhangaika na lugha kuliko noti, ndilo kiini cha habari yote. Kwa muda wa karibu miaka mia mbili, watu wenye elimu na vipawa waligombana juu ya swali moja: katika wimbo, ni nani bwana na ni nani mtumishi, neno au sauti?

Ugomvi huo si wa Ulaya peke yake, wala si wa kale tu. Mwalimu anayeandaa kwaya ya shule kwa ajili ya Tamasha la Muziki hukumbana nao kila mwaka, pengine bila ya kujua. Lakini kabla ya kufika huko, sharti tuanze ulikoanzia.

Mwanzoni mwa zama hizo sauti ndiyo iliyokuwa bwana. Waimbaji na watunzi waliosifika zaidi walitoka kaskazini, katika nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Ufaransa ya kaskazini, ambako shule za makanisa makuu kama lile la Cambrai zilimchukua mtoto mdogo na kumfunza Kilatini, kusoma noti na kuimba sauti yake peke yake huku wenzake wakiimba sauti tofauti. Watawala wa Italia, wakiwamo Medici wa Florence, Este wa Ferrara na Sforza wa Milano, walishindana kuwavuta vijana hao kwenye kwaya zao kwa mishahara na vyeo vya kanisa, mithili ya vilabu vya kandanda vya siku hizi vinavyonyang'anyana wachezaji. Kwaya nzuri ilikuwa fahari ya mtawala, sawa na jumba au sanamu.

Guillaume Du Fay alikuwa mmoja wa watu hao wa kaskazini. Mwaka wa 1436, kanisa kuu la Florence lilipowekwa wakfu chini ya kuba kubwa la Brunelleschi, wimbo wake ndio ulioimbwa. Katika wimbo huo sauti za juu zina maneno yake na sauti za chini zina maneno mengine, na zote huimbwa kwa wakati mmoja. Je, nani kati ya wasikilizaji aliyeweza kufuata maneno? Nadhani hakuna, na wala halikuwa jambo la kumsumbua mtu. Wimbo ulikuwa jengo, na maneno yalikuwa mawe yake.

Tena watunzi hao hawakuona haya kuchukua wimbo wa mitaani na kuujengea misa. Wimbo mmoja wa Kifaransa, uitwao L'homme armé, unaohusu mtu aliyebeba silaha, ulitumiwa kuwa msingi wa misa zaidi ya arobaini. Josquin des Prez, aliyefariki mwaka wa 1521, alitunga mbili juu ya wimbo huo.

Huyu Josquin alifanya pia jambo ambalo linanifurahisha kila nikilifikiria. Alitaka kumtukuza Ercole, mtawala wa Ferrara. Akachukua jina lake kwa Kilatini, Hercules Dux Ferrarie, akazitupa konsonanti zote, akabakiwa na irabu: e, u, e, u, e, a, i, e. Kisha kila irabu akaipa noti yenye irabu hiyo katika mfululizo uliokuwa ukifunzwa tangu siku za Guido wa Arezzo katika karne ya kumi na moja, yaani ut, re, mi, fa, sol, la. Hivyo akapata re, ut, re, ut, re, fa, mi, re, na juu ya noti hizo nane akaisimamisha misa nzima. Wanafunzi wetu, ambao bado huzisoma nyimbo kwa do, re, mi, wanaweza kulifanya zoezi hilo kwa majina yao wenyewe, maana Kiswahili nacho kina irabu tano zizo hizo. Ila tuseme ukweli: hapa neno limekuwa mtumwa kabisa. Limetolewa maana, likatolewa konsonanti, likabaki kuwa kuni za kuwashia moto wa mtunzi.

Hata uchapaji ulipoingia, neno halikupata nafuu mara moja. Ottaviano Petrucci alipewa na Jamhuri ya Venisi haki ya peke yake ya kuchapa muziki mwezi wa Mei 1498. (Mwezi uliotangulia, Vasco da Gama alikuwa Malindi, na mmoja wa watu wa safari hiyo aliandika habari za pembe mbili za ndovu zilizochongwa, zenye urefu wa mtu mzima, zilizopulizwa mbele ya mfalme. Muziki wa siwa zile haukupata mchapaji.) Kitabu cha kwanza cha Petrucci kilitoka mwaka wa 1501. Karatasi ilipitishwa mashinini zaidi ya mara moja, kwanza mistari, kisha noti, na kazi yake ni safi ajabu. Lakini ukikifungua, utaona kwamba nyimbo zilizo nyingi hazina maneno ila yale machache ya mwanzo, yaliyowekwa kama kibandiko cha jina. Silabi ipi ikae chini ya noti ipi, shauri la mwimbaji.

Wasomi wa lugha ndio waliokuwa wa kwanza kulalamika. Hao walioitwa wahumanisti walikuwa wameyafufua maandishi ya Wayunani na Warumi wa kale, wakasoma humo kwamba muziki wa Wayunani uliweza kumtuliza mwenye hasira na kumpa moyo mwoga. Wakajiuliza: mbona wetu haufanyi hivyo? Jibu walilolitoa ni kwamba wetu hausikiki unasema nini. Erasmus wa Rotterdam alilalamika kwamba makanisa yamejaa makelele ya sauti ambayo waumini hawaambulii neno ndani yake. Katika miaka ya 1540 Askofu Mkuu Cranmer alimwandikia Mfalme Henry VIII wa Uingereza akishauri kwamba katika sala zinazoimbwa kila silabi, kadiri iwezekanavyo, ipewe noti moja tu. Na Ijumaa Kuu ya mwaka wa 1555, Papa Marcellus II aliwaita waimbaji wake akawaambia kwamba siku kama ile haikufaa kuimbiwa kwa shangwe, na kwamba maneno yasikike yakaeleweka. Papa huyo alikaa kitini wiki tatu tu, kisha akafa.

Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ambayo bado imo katika vitabu vingi: kwamba Mtaguso wa Trento ulikaribia kuupiga marufuku muziki wa sauti nyingi, na kwamba Palestrina aliuokoa kwa Misa ya Papa Marcellus, iliyochapwa mwaka wa 1567. Hadithi nzuri, lakini haina ushahidi wa kutosha, na mwalimu asiifundishe kama historia. Uamuzi uliopitishwa na Mtaguso mwezi wa Septemba 1562 ni mfupi: unakataza katika kanisa muziki wenye uchafu na upotovu. Kilicho hakika ni kwamba mwezi wa Aprili 1565 waimbaji wa Papa waliitwa nyumbani kwa Kardinali Vitelli huko Roma waimbe misa kadhaa, ili isikike kama maneno yanaeleweka. Naona tukio hilo ni kubwa kuliko hadithi yenyewe. Ulikuwa mtihani wa kusikiliza, na kilichotahiniwa ni lugha.

Wakati huo huo Waprotestanti walikuwa wamelikata fundo hilo kwa njia nyingine: waumini waimbe wenyewe, kwa lugha ya nyumbani. Martin Luther, aliyempenda sana Josquin, alitoa nyimbo za Kijerumani mwaka wa 1524. Geneva ya Calvin ilikamilisha zaburi zote kwa Kifaransa mwaka wa 1562, zikiwa na mahadhi ya kuimbwa kanisani kwa sauti moja. Kwa hiyo kila mshororo wa mahadhi ulifinyangwa ukafuata umbo la lugha husika, na jambo hilo msomaji asilisahau, maana nitalirudia.

Italia nayo ilikuwa na ugomvi wake wa lugha. Mwaka wa 1525 Pietro Bembo, mtu wa Venisi, alitoa kitabu alichodai ndani yake kwamba Kiitaliano cha fasihi kifuate si Kivenisi chake, bali lugha ya Toscana kama ilivyoandikwa na Petrarca na Boccaccio katika karne ya kumi na nne. Tunaokumbuka mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tunaujua uzito wa mambo hayo. Lakini Bembo hakuishia kwenye sarufi. Alizichunguza beti za Petrarca silabi kwa silabi, akaonyesha jinsi konsonanti zilizosongamana zinavyoleta uzito na irabu zinavyoleta utamu. Watunzi waliokulia katika elimu hiyo ndio walioikuza madrigali, wimbo wa waimbaji wachache juu ya shairi la Kiitaliano, ambamo kila neno hutafutiwa sauti yake. Gioseffo Zarlino naye, katika kitabu chake cha 1558, aliweka kanuni za kupanga maneno chini ya noti: silabi ndefu ipewe noti ndefu, na fupi ipewe fupi. Hiyo ni kanuni ya mwanasarufi ndani ya kitabu cha muziki.

Ugomvi ulifikia kilele chake mwaka wa 1600. Padri mmoja wa Bologna, Giovanni Maria Artusi, alichapa kitabu cha kuzishambulia madrigali fulani kwa kuwa zilikuwa na noti zilizokwaruzana kinyume cha kanuni. Hakumtaja mtunzi, lakini alikuwa Claudio Monteverdi wa Mantua. Monteverdi alijibu kwa ufupi mwaka wa 1605, na mwaka wa 1607 ndugu yake, Giulio Cesare, akatoa maelezo marefu zaidi: katika muziki huu mpya, maneno ndiyo bibi wa nyumba na sauti ni mtumishi. Akaongeza shtaka ambalo mimi naliona halina jibu. Artusi alizinukuu noti za Monteverdi bila ya maneno yake! Noti iliyokwaruza ilikuwa imewekwa pale kwa sababu neno lenyewe ni la uchungu. Liondoe neno, na bila shaka noti itaonekana kuwa kosa. Mwaka uo huo wa 1607 Monteverdi akaonyesha Mantua mchezo wake wa Orfeo, unaoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, na mlango wa zama nyingine ukafunguka.

Sasa turudi kwetu. Yapo mahadhi ya Geneva ya mwaka wa 1551 ambayo makanisa mengi ya Kiprotestanti nchini huyaimba hadi leo kwa sifa fupi za Utatu Mtakatifu, na Waingereza huyaita Old Hundredth. Kila mshororo una noti nane, na mkazo wa mwisho huangukia noti ya nane. Kwa Kifaransa hilo ni sawa kabisa, kwani mkazo wa Kifaransa hukaa mwishoni mwa neno. Kwa Kiingereza, chenye maneno tele ya silabi moja, ni sawa vilevile. Lakini Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mshororo wa utenzi una mizani nane kama ule wa Geneva, ila mkazo wake hukaa kwenye mizani ya saba. Hesabu ni moja, umbo ni mbalimbali. Tunapoyabandika maneno yetu juu ya mahadhi yale, rehema hugeuka reheMA, na Bwana huwa bwaNA. Mtu atasema hilo ni dogo. Basi na aseme barabára, ya kupitia magari, halafu aseme barábara, yaani sawasawa, uone kama mkazo ni jambo dogo. Na katika Gĩkũyũ na Dholuo, lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, madhara huwa makubwa zaidi.

Ajabu ni kwamba lugha ya Ulaya inayotukaribia kwa umbo si Kiingereza, ambacho nyimbo zetu nyingi zimetafsiriwa kutoka kwacho. Ni Kiitaliano. Maneno yake karibu yote huishia kwa irabu, na yaliyo mengi hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Mshororo wa Petrarca una silabi kumi na moja, na mkazo wake mkuu wa mwisho uko kwenye ya kumi. Mtunzi wa Kiswahili anayetaka mwalimu wa kigeni angejifunza mengi zaidi kwa Monteverdi kuliko kwa kitabu cha nyimbo za Kiingereza.

Wakatoliki walichelewa kufika hapa, lakini walifika. Mtaguso wa Trento, uliofungwa tarehe 4 Desemba 1563, uliiacha misa katika Kilatini. Miaka mia nne baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati iliyofungua mlango wa lugha za wenyeji katika ibada, siku nane kabla ya Kenya kupata uhuru. Tangu hapo kwaya za Kenya na Tanzania zimetungiwa nyimbo nyingi zilizoanzia kwenye Kiswahili chenyewe, na sikio husikia tofauti.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wayaone haya wenyewe hahitaji vifaa. Achukue ubeti wa utenzi wowote wanaoujua, auimbishe kwa mahadhi ya Old Hundredth, kisha awaulize ni silabi zipi zilizoumia. Halafu awape ubeti uo huo wautungie mahadhi yao, wakianza kwa kuusoma kwa sauti, wauweke mkazo mahali pake ndipo watafute noti. Awagawe makundi mawili, moja likitetea neno na jingine likitetea sauti. Wakigombana mpaka kengele ilie, wasiharakishwe kupatana. Artusi na ndugu wawili wa Monteverdi walitumia miaka saba.