Nishati Iliyo Mlangoni pa Shule za Kalehe

Mwalimu wa Kalehe, mashariki mwa Kongo, anayefundisha nishati hana haja ya kutafuta mifano mbali. Makaa yanauzwa sokoni, jua linawaka juu ya mabati ya darasa, na chini ya milima kuna Ziwa Kivu.

Jua na maji yanayotiririka ni nishati jadidifu: kuzitumia leo hakuzimalizi. Mto Ruzizi, unaotoka ziwani humo, umekuwa ukiipa Bukavu umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Dizeli ya jenereta ni kinyume chake. Inatokana na mafuta ghafi yaliyoumbika kwa mamilioni ya miaka, na ikishaungua haina badala.

Ugumu unaanza kwenye makaa. Mti huota tena, kwa hiyo wanafunzi wengi watayaita jadidifu. Lakini mti uliokatwa asubuhi moja ulikua kwa miaka mingi, na ukataji ukizidi upandaji, msitu unakwisha. Ukingoni mwa hifadhi ya Kahuzi-Biega hasara hiyo inaonekana kwa macho. Hapa mwalimu asiharakishe.

Ziwa nalo lina fumbo lake. Vilindini kuna takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani, na vijidudu vinaendelea kuitengeneza, polepole mno. Ng'ambo, Rwanda inazalisha megawati 26 kwa mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa 2016: maji ya kilindini yanapandishwa kwa bomba, shinikizo linapungua, gesi inafoka kama soda iliyofunguliwa.

Je, methani hiyo ni jadidifu? Wanafunzi waachwe wabishane, kisha walinganishe kiasi kinachovunwa kwa mwaka na kile kinachozaliwa upya.