Bati Lina Ngozi: Lioshe, Usilichune

Nyumba ya bati ni mali. Wengine wetu tuliuza pamba, wengine tuliuza ng'ombe, ndipo tukaezeka. Lakini bati nalo huzeeka. Hupoteza mng'ao, huota ukungu, hushika kutu. Basi mtu husema, "Nitaliosha ling'ae kama zamani." Kuosha ni vizuri. Ila kuna kuosha kunakotunza bati, na kuna kuosha kunakoliua.

Mama mmoja, jirani yangu, ana nyumba kuukuu ya bati, paa na kuta. Kijana wake alikodi mjini mashine ya kuoshea magari, ile inayorusha maji kwa nguvu.

"Mama, leo nyumba yako itakuwa mpya," alisema.

Kweli, uchafu ulitoka. Rangi nayo ikatoka. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yakadondokea magunia ya mahindi.

"Mwanangu," mama akauliza, "mbona zamani hapakuvuja?"

Je, kwa nini palivuja? Tuangalie bati lenyewe.

Ngozi ya bati

Bati la kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Njia hiyo ilisajiliwa na Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1837. Mabati mengine ya siku hizi yana zinki iliyochanganywa na alumini. Zinki ndiyo ngozi ya bati. Mvua huila zinki kwanza, chuma cha ndani hubaki salama. Zinki ikiisha, kutu nyekundu huanza.

Ngozi hii ni nyembamba kuliko unywele. Hebu tazama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga na majivu kila siku. Inang'aa, lakini inakwisha. Bati ni vivyo hivyo.

Maji ya mashine yakipigwa karibu hubandua rangi iliyochoka. Huingia chini ya maungio na kulegeza misumari. Mahali pengine kutu ndiyo iliyokuwa imeziba tundu. Kutu ikitoka, tundu linabaki wazi.

Namna ya kuosha

1. Futa bati kwa kiganja. Kama lina rangi na mkono umetoka na unga mweupe, rangi imechoka kwa jua. Ukiona kutu nyekundu, zinki imekwisha mahali pale.

2. Kama unakinga maji ya mvua, kwanza ondoa bomba linaloingia kwenye tangi au pipa. Maji ya kuoshea si ya kunywa.

3. Tumia maji ya kawaida, sabuni kidogo, na kitambaa au brashi laini. Ukutani, paka sabuni kutoka chini kwenda juu, ili maji machafu yasiache michirizi. Kisha suuza kutoka juu kwenda chini.

4. Usitumie mchanga, majivu, magadi wala brashi ya waya kwenye bati zima. Majivu na magadi hula zinki na alumini.

5. Penye kutu, sugua hapo tu. Pakikauka, paka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya juu. Penye zinki nzima, rangi nyingine za mafuta hubanduka. Muulize muuza duka rangi ya kwanza inayofaa bati la zinki.

6. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe, kusanya maganda yote, wala usiyatupe bustanini.

7. Usipande juu ya paa lililolowa. Mtu mwingine ashike ngazi. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana ndipo penye mbao. Bati bovu halibebi mtu.

Dawa rahisi kuliko zote ni kukata matawi yanayogusa paa na kufagia majani. Majani hushika unyevu, na unyevu huleta kutu.

Yule mama alibadilisha mabati matatu. Siku hizi kijana anaosha kwa ndoo na kitambaa. Nyumba haing'ai kama mpya, lakini mahindi ni makavu.

Maswali ya kujadiliana

1. Zinki ina kazi gani kwenye bati?
2. Kwa nini majivu hayafai kuoshea bati?
3. Nyumbani kwako, ni matawi gani yanayogusa paa?